Nasoma vitabu vya binti yangu usiku, sasa amevificha vyote

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie maana hili jambo linanikosesha raha na sina wa kumwambia. Mimi ni mama wa miaka 43, nina binti mmoja ana miaka 16. Huyu mtoto ni msomaji, tena msomaji kwelikweli, na anachosoma ni zile riwaya za vijana, zile ambazo mhusika mkuu siku zote ni tineja kama yeye, kuna za mapenzi, kuna za uchawi, kuna za vita, kuna za watoto wenye matatizo nyumbani. Kila hela anayopata inaishia kwenye vitabu na asivyoweza kununua anaazima maktaba.

Sasa kuna siku alisahau kimoja sebuleni nikakichukua nione anasoma nini, manake mzazi lazima ujue mtoto anaingiza nini kichwani. Nilidhani nitasoma kurasa mbili tatu nirudishe. Kilikuwa kile cha vijana wawili wenye kansa, yule msichana anatembea anakokota mtungi wa oksijeni, wanakutana kwenye kikundi cha wagonjwa. Shangazi nilikimaliza usiku uleule, nimekaa kwenye kochi nalia kama nimefiwa. Toka hapo nikawa nachukua kimoja kimoja kwenye shelfu lake akishalala, nasoma, narudisha kabla hajaamka. Labda mwanzo nilikuwa nachunguza kidogo lakini baadae nilikuwa nasoma kwa sababu vimeninasa, basi. Riwaya za watu wazima nilishaziacha zamani, unasoma kurasa hamsini mtu bado yuko dirishani anawaza ndoa yake, hivi vya binti yangu ukifungua tu ushaingia.

Tatizo ni kwamba binti yangu anasoma na penseli mkononi. Anapigia mistari, laini laini, na pembeni anaandika neno moja tu, "kweli", au anaweka nyota ndogo, au anaandika "mimi". Kwenye kitabu kimoja kuna msichana analalamika kwamba watu wa nyumbani kwake wanachojua kuhusu yeye ni jina na maksi zake za shule. Hapo binti yangu kapiga mistari miwili na pembeni kaandika "mimi". Moyo wangu ulipasuka. Sisi hatumpigi, hatumtukani, ada inalipwa, akiumwa mimi ndo silali. Nikashindwa kuvumilia, kesho yake tukiwa mezani na baba yake nikamuuliza, mwanangu tumekukosea nini mpaka uone sisi hatukujui? Kwanza hakuelewa, akauliza nani kasema hivo. Nikamtajia kitabu. Shangazi, yule mtoto alibadilika sura, akainuka kimyakimya akaenda chumbani, akafunga mlango.

Toka siku hiyo shelfu ni jeupe. Vitabu vyote kaviweka kwenye sanduku lake na ufunguo anatembea nao. Kimoja tu kimebaki, nilikuta nyuma ya kitanda nikifagia, nikakifungua nikaona amefuta mistari yote na ufutio, karatasi imekuwa na manyoya manyoya pale palipokuwa na penseli. Salamu ananipa, kazi anafanya, lakini stori hakuna tena. Mume wangu anasema mimi ndo nimejivunjia heshima, mtu mzima na akili zangu nasoma vitabu vya watoto, na kwamba niache kabisa nitafute cha maana cha kusoma.

Naomba uniambie mambo haya. Je, ni aibu mtu wa umri wangu kupenda hivi vitabu? Je, mama hana haki ya kujua mwanae anawaza nini? Na nifanye nini mtoto anirudie? Kuna na kitabu nilifika katikati kikaenda nacho kwenye sanduku, kijana kaingia kwenye lifti na bastola kiunoni, kila lifti ikisimama anaingia mtu aliyekwishakufa. Hicho nacho kinaninyima usingizi.

Mama Msomaji

*

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako ina mambo mawili ambayo wewe umeyaandika kama jambo moja, na nadhani hata mumeo na binti yako wameyachanganya vilevile. Kuna kusoma vitabu vya vijana ukiwa na miaka 43. Alafu kuna kusoma penseli ya mtoto. La kwanza halina kosa hata chembe na nataka ulitoe moyoni leo hii, la pili ndo limekufikisheni hapo.

Kuhusu aibu. Mwaka 2012 kampuni ya Bowker, hawa wanafuatilia soko la vitabu Marekani, walitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vinavyotolewa kwa ajili ya watoto wa miaka 12 mpaka 17 walikuwa watu wa miaka 18 na kuendelea. Na kundi lililonunua zaidi kati yao ni la miaka 30 mpaka 44, rika lako kabisa. Ukasema labda ni wazazi wananunulia watoto, hapana, walipoulizwa kitabu ni cha nani, mara 78 katika kila 100 walijibu ni cha kusoma wenyewe. Kwahiyo wewe uliyekaa kwenye kochi usiku unalia una wenzako wengi sana, ila wengi nao wanadhani wako peke yao.

Na kunaswa kwako kuna sababu zake, sio udhaifu wa akili. Umesema mwenyewe kwamba ukifungua tu ushaingia. Chukua The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008, naamini iko kwenye hilo sanduku maana ni wachache wa umri wa binti yako wasioipitia. Mhusika mkuu, Katniss, ana miaka 16 na anasimulia mwenyewe, tena anasimulia jambo likiwa linatokea, wakati uliopo mwanzo mpaka mwisho, yaani hajui kama jioni itamkuta hai. Kwenye riwaya nyingi za watu wazima zinazozungumzia ujana, anayesimulia ameshakua, anakumbuka, ameshapoa, anakwambia nilikuwa mjinga kipindi kile. Hapa hakuna mtu mzima aliyekaa pembeni kukutuliza kwamba baadae mambo yalikaa sawa. Uko ndani ya kichwa cha mtu ambaye kila kitu kwake ni mara ya kwanza, kupenda mara ya kwanza, kuzika mtu mara ya kwanza, kugundua kwamba mzazi wake naye anadanganya, na hana kipimo cha kulinganisha kwa hiyo kila kitu kinamjia na uzito wake wote.

Kuna na hili jingine ambalo mimi naona ndo kiini chenyewe. Tineja ana hisia za mtu mzima na mamlaka ya mtoto. Anaona yanayoendelea, anaelewa, anaumia, lakini hana hela yake, hawezi kuhama nyumba, shule kachaguliwa, muda wa kulala kapangiwa. Ndo maana kwenye hizi hadithi uamuzi mdogo tu, kusema au kunyamaza, kwenda au kutokwenda, unakuwa mkubwa kuliko safari nzima ya mtu mzima kwenye riwaya nyingine. Mtu wa miaka 43 anaposoma anakumbuka hali hiyo mwilini kabisa, na wengi wetu hatukuwa na wa kumwambia wakati ule. Sidhani kama ulilia kwa ajili ya wale watoto wawili peke yao.

Nikuulize kitu kuhusu kile kitabu cha kwanza, ni The Fault in Our Stars ya John Green, kilitoka 2012. Wewe ulilia wapi? Binti yako nakuhakikishia alilia kwa Hazel na Augustus. Lakini kuna mama mule ndani. Hazel anakumbuka siku alipokuwa mahututi, akamsikia mama yake akisema kwamba sasa hatakuwa mama tena, na mtoto kabeba hayo maneno miaka yote bila kusema. Na baadae inakuja kujulikana kwamba yule mama alikuwa anasoma kozi yake kimyakimya ya ustawi wa jamii, anamficha mwanae, anaogopa mtoto atadhani mama anajiandalia maisha ya baada ya yeye kufa, na Hazel anaposikia anafurahi mpaka basi. Msomaji wa miaka 16 anapita hapo haraka, akili yake iko kwa wale wawili. Msomaji wa miaka 43 mwenye mtoto mmoja anakwama hapo. Kitabu ni kilekile ila mlango mlioingilia ni tofauti, na huo mlango wako una thamani, nitakurudisha hapo chini.

Usinielewe kwamba kila chenye kava la vijana ni dhahabu. Baada ya Katniss kufanikiwa vilifuata vingi vya kuigana, dunia imeharibika, serikali katili, msichana mmoja anavutwa na wavulana wawili, unakisoma kimoja umevisoma kumi. Binti yako naye anajua vipi ni vya hovyo, wasomaji wa umri wake ni wakali kuliko wahakiki wa magazeti. Siku mkianza kuongea tena muulize vipi alivichukia, hilo swali ni tamu sana kujibu.

Sasa tuje kwenye penseli, na hapa nitasema wazi kwa sababu umeniomba ushauri.

Mwaka 1967 kilitoka kitabu kinaitwa The Outsiders, wengi wanakihesabu ndo kilichofungua njia ya hizi riwaya tunazoziita za vijana leo. Mwandishi wake S.E. Hinton alianza kukiandika akiwa na miaka 15, kikachapishwa akiwa na miaka 18. Alikiandika kwa sababu hakuwa anapata kitabu kinachoeleza vijana kama alivyowaona shuleni kwake, na wachapishaji wakamshauri atumie herufi za mwanzo badala ya jina ili wahakiki wasimdharau wakijua ni msichana. Nakwambia hii stori kwa sababu mzizi wa hivi vitabu uko hapo, mtoto wa shule alitaka mahali ambapo mtu wa umri wake anaweza kusema jambo bila mtu mzima kulipanga upya kwanza. Sisi watu wazima tunakaribishwa mule, tena kwa wingi kama ulivyoona, ila mwenyeji ni yeye.

Binti yako alikuwa na mahali hapo. Kakaa na kitabu, kaona msichana anasema nyumbani wanajua jina langu na maksi zangu, kaandika "mimi". Hilo neno hakukuandikia wewe wala baba yake. Aliandika usiku mmoja, kwenye ukurasa mmoja, na inawezekana asubuhi yake aliamka anakupenda kama kawaida na hata hakumbuki. Watoto wa miaka 16 karibu wote wanapita hapo pa kuona hakuna anayewajua, wa nyumba nzuri na wa nyumba mbaya, ni kazi ya umri huo kujitenga kidogo ili ajue yeye ni nani bila nyinyi. Wewe ukalisoma kama hukumu juu ya malezi yako. Na angalia ulivyomuuliza, tumekukosea nini. Mtoto anasema hamnijui, wewe unajibu kwa habari za wewe na baba yake, ada, kuugua, kutolala. Na mbele ya baba yake ambaye hata hicho kitabu hajawahi kukishika. Mdogo wangu, nia yako ilikuwa upendo mtupu na ninaamini hivyo, lakini yeye alichoona ni kwamba hata pale penye neno moja la penseli kumbe kuna mtu anaangalia.

Alafu sio kila mstari ni yeye. Profesa mmoja wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika mwaka 1990 kwamba kitabu kinaweza kuwa kioo unachojiona au dirisha la kuwaona wengine. Neno "mimi" sawa, hicho ni kioo, angalau kwa usiku huo. Lakini zile nyota, na zile "kweli", unajuaje? Kuna riwaya ya Laurie Halse Anderson inaitwa Speak, ya 1999, msichana anaitwa Melinda alibakwa kwenye pati akaacha kuongea na watu wazima wote wanachoona ni kwamba maksi zimeshuka. Wasichana wengi wanakipigia mistari kile kitabu na hawajawahi kupatwa na kitu kama hicho. Wengine wanampigia rafiki yao. Wengine wanaogopa tu, wanajiandaa. Wengine wamependa sentensi ilivyokaa. Ukichukua kila mstari ukamuuliza nani kakufanyia hivi utakuwa unamfukuza mahali pekee anapojifunza kufikiria mambo mazito akiwa salama.

Umeuliza kama mama ana haki ya kujua. Una haki, tena una wajibu, ila macho yako uyaelekeze kwake mwenyewe. Kama hali chakula, usingizi haupati, kama ameacha marafiki aliokuwa anawapenda, kama unaona alama za kujiumiza mwilini, kama anaongea kana kwamba hana mbele, hapo husubiri kitabu kikwambie na husubiri adabu, unamketisha mkiwa wawili, unamwambia nimeona hiki na hiki, unamuuliza moja kwa moja hata kama ni swali la kujiua, maana kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, na unamtafutia mtaalamu. Kwenye barua yako sijaona hata kimoja cha hivyo. Nimeona mtoto mwenye afya aliyekasirika, anasalimia, anafanya kazi zake, anatembea na ufunguo wake.

Cha kufanya sasa. Kile kitabu ulichokikuta nyuma ya kitanda mrudishie leo, mkononi, usikiweke kimyakimya mahali. Na umwombe radhi, ila uombe kwa kitu sahihi. Usiseme samahani kwa kusoma vitabu vyako, hilo sio kosa na yeye ni msomaji atajua kwamba sio kosa. Mwambie samahani kwa kuchukua bila kukwambia, na samahani kwa kusoma ulichoandika pembeni na kukuuliza mbele ya baba. Sentensi mbili. Usiongeze "lakini", usiongeze "kama mama yako", usilie mpaka yeye aanze kukubembeleza wewe. Usimwahidi kwamba sasa utamjua. Alafu uondoke ukaendelee na shughuli zako maana pengine hatajibu kitu siku hiyo na ana haki.

Baada ya hapo tafuta nakala zako. Nunua, azima maktaba, mtoto amekuonyesha njia tayari. Kitabu chako, penseli yako, usome sebuleni mchana kweupe. Yeye akipita aone tu. Usimwite uone nasoma nini, usimhubirie funzo la hadithi, hakuna kinachoua kitabu kwa tineja kama mzazi kumweleza kinafundisha nini. Akikuuliza umefika wapi, mjibu umefika wapi, na umwambie kitu kimoja ulichokiona wewe. Ndo hapa ule mlango wako unapofanya kazi. Mwambie mimi pale kwa mama yake Hazel nilishindwa kuendelea, kwa siku kadhaa nilikuwa namfikiria yule mama. Umemwambia kitu cha kwako, hujamdai cha kwake. Nadhani huyo mtoto hajawahi kujua kwamba mama yake ni mtu anayekwama kwenye ukurasa, na hicho ni kitu cha kumjua mtu.

Baadae sana, akishalainika, mwambie nichagulie kimoja. Akikataa kubali. Akikupa chenye kurasa zilizofutwa kipokee bila kuuliza palikuwa na nini.

Kuhusu kile cha lifti, kinaitwa Long Way Down, mwandishi Jason Reynolds, cha 2017. Yule kijana ni Will, ana miaka 15, kaka yake kapigwa risasi na yeye anashuka kwenda kulipa kisasi, na kitabu karibu chote kinatokea ndani ya kama sekunde 60 za lifti kushuka, kimeandikwa kwa mashairi, kurasa nyingine zina maneno machache sana na weupe mtupu. Ndo maana kinakutesa, kimekukatikia lifti ikiwa njiani. Kinavyoisha sikwambii, ila ujue mwandishi hajafunga mlango, amemwachia msomaji aamue Will atafanya nini, na watu waliokisoma wanabishana mpaka leo. Binti yako ana msimamo wake juu ya hilo, naweka dau. Kipate chako umalize, uwe na wako.

Lakini kabla ya hicho nataka usome The Poet X ya Elizabeth Acevedo, kilitoka 2018 na mwaka huohuo kikapata National Book Award ya Marekani upande wa vitabu vya vijana. Hiki nacho ni cha mashairi. Xiomara ana miaka 15, nyumbani kwao kuna mama mcha Mungu mkali, maneno yote ambayo hawezi kuyasema anayaandika kwenye daftari. Mama analikuta lile daftari. Anachofanya nalo ni kibaya mara nyingi kuliko ulichofanya wewe, analichoma moto mtoto akiwa anaangalia, na Xiomara anasimama pale anasema mashairi yake kwa kichwa huku yanaungua. Sikupi hiki kukuumiza. Nakupa kwa sababu Acevedo hakumchora yule mama kama jini, amempa maisha yake, ndoto yake iliyokatishwa, hofu yake kwa mtoto wa kike anayekua haraka, na baada ya ule moto kitabu hakiishi, mama na binti wanaanza kutafutana, polepole, kwa kusaidiwa, na sio kwa hotuba. Ukisoma ule ukurasa wa moto utajua ufutio wa binti yako ulikuwa unasema nini vizuri kuliko mimi nitakavyokueleza. Soma kabla hujaenda kuomba zile radhi kama unaweza kukipata haraka, kama huwezi usisubiri.

Mumeo. Yeye ana wasiwasi wa heshima na mimi sitaki mgombane kwa ajili ya vitabu. Ila hilo la vitabu vya watoto na vya wakubwa, mara nyingi ni uamuzi wa anayeuza. The Book Thief ya Markus Zusak ilitoka Australia mwaka 2005 kama riwaya ya watu wazima, ilipofika Marekani mwaka uliofuata ikauzwa kama ya vijana. The Curious Incident of the Dog in the Night-Time ya Mark Haddon, ya 2003, ilitolewa Uingereza kwa mara moja kwa matoleo mawili, moja la watu wazima na moja la watoto, kila moja na kava lake. Hiyo ya Haddon ndo ningempa mumeo. Msimulizi ni Christopher, miaka 15, hodari wa hesabu, anamchunguza nani kamuua mbwa wa jirani, na katika kuchunguza anagundua kwamba baba yake, anayempenda kweli na anayemlea peke yake, amemficha jambo kubwa sana kuhusu mama yake. Mtafutie lile toleo la watu wazima, mpe bila maneno mengi, akifika kwenye zile barua kabatini yeye mwenyewe atakuja kukutafuta mzungumze.